Ajenti wa bima si mwizi: kalamu ndiyo iko mbali

KINDU, Maniema – Ziko kazi chache mjini hapa zinazovuna matusi kama kazi ya kukaa nyuma ya dirisha la bima ya afya. Mwalimu anafika na mtoto mgongoni, mwili wa mtoto unawaka, karatasi ya matibabu iko mkononi. Ajenti anatazama orodha: jina halipo. Ao jina lipo, lakini lopitali imesema haitapokea tena karatasi hizo mpaka deni la zamani lilipwe. Mwalimu anapandisha sauti, watu wa foleni wanamsaidia, na neno "mwizi" linatoka. Kabla ya jua kushuka neno hilo limeishafika Mikelenge, limepanda mtumbwi na kuvuka Lualaba mpaka Alunguli.

Hasira hiyo ina haki yake. Pesa imekatwa, dawa haipo. Kosa lake ni moja tu: inampiga mtu ambaye hana ufunguo. Ajenti wa dirishani hakupanga kiasi cha kukata, hakuandika orodha, hakuchagua lopitali, na hata akilia pamoja na mgonjwa hawezi kusema "ndiyo" kwa operesheni moja. Neno "ndiyo" linakaa Kinshasa. Kindu imepewa neno "hapana", pamoja na kijana wa Kasuku wa kulitamka.

Jambo hilo linapaswa kusemwa sasa, kwa sababu bima inakuja, ipendwe ao isipendwe. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko la bima na kumaliza miaka mingi ambayo SONAS ilikuwa peke yake, tangu 1966. Sheria ya mutueli, yaani vyama vya kusaidiana matibabu, ni ya tarehe 8 Februari 2017. Mpango wa leta wa kufunika matibabu ya watu wote ulianza na uzazi wa bure, uliozinduliwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023. Kila mlango kati ya hiyo utahitaji watu wa kuandikisha, wa kukusanya pesa, wa kusoma fakitire, na wa kukataa. Watatoka wapi watu hao? Watatoka Chuo Kikuu cha Kindu na vyuo vingine vya mji, kati ya vijana wenye diploma ambao leo wanauza vocha za simu kando ya barabara. Ni watoto wa hapa. Ni haki yao kujua kazi hiyo inamfanyia nini mtu anayeifanya.

Mwanzo wake ni mzuri. Ajenti anazunguka kartye kwa kartye na daftari. Anaeleza kwamba wazima wanalipia wagonjwa. Mama muuza mihogo anauliza swali moja, na ni swali la akili: nisipougua mwaka mzima, pesa yangu inarudi? Kwenye likelemba kila mtu ana zamu yake, na zamu ikifika anabeba fungu lake nyumbani. Kwenye bima, mwenye bahati ni yule ambaye zamu yake haifiki kamwe. Kumweleza hivyo mtu ambaye jana amekopa chumvi si kazi ndogo. Ajenti mwenye moyo anaifanya, na watu wanamwamini yeye. Hawaamini nembo ya karatasi ya bima. Wanaamini mtoto wa fulani, jirani ya fulani, aliyekuja mpaka uani na kukaa kwenye kiti cha mianzi.

Kiisha shida zinaanza, na nyingine zinatoka kwa wanachama wenyewe, kusema kweli. Mtu anakaa mwaka mzima bila kujiandikisha, anakuja siku mke wake anapoanza uchungu. Mwingine anamkopesha dada yake karatasi, akisema sura zao zinafanana. Upande wa pili, kuna lopitali ambako dripu mbili zinageuka tano zikifika kwenye fakitire, kwa kuwa "bima ndiyo inalipa". Kwa sababu hiyo bima yoyote ya kweli inaweka muda wa kungoja kabla ya mwanachama mpya kutibiwa, inaweka picha kwenye karatasi, inaajiri munganga mshauri wa kusoma fakitire. Bima isiyokataa kitu chochote inakufa kabla ya mwaka kuisha, na pesa ya mama muuza mihogo inakufa nayo. Anayesema ajenti hapaswi kukataa kamwe anadanganya watu.

Lakini "hapana" ziko za namna mbili. Moja inatoka kwa mtu aliyesoma karatasi, aliyemwona mgonjwa, ambaye angeweza pia kusema "ndiyo", na ambaye anatoa sababu. Nyingine inatoka kwa mtu ambaye hana sababu kwa kuwa hakupewa. Anarudisha mgonjwa nyumbani kwa sababu simu ya makao makuu haipokelewi, ao orodha mpya haijatumwa, ao pesa ya miezi iliyopita haijafika kwenye biro ya lopitali. "Hapana" hiyo ya pili inaitwa kanuni. Kwa kweli ni ukuta uliovalishwa shati na kalamu mfukoni.

Kuna watu watakaosema kwamba huo ni ugonjwa wa Kongo, kwamba kwenye nchi za pesa bima inafanya kazi. Basi wasikilize wale waliofanya kazi ndani ya kampuni kubwa za Marekani, maana baadhi yao wamesema mbele ya umma.

Tarehe 30 Mei 1996 munganga mmoja, Linda Peeno, alisimama mbele ya kamati ya bunge la Marekani. Kazi yake ilikuwa kusoma maombi ya matibabu kwa ajili ya bima. Alikiri kwamba mwaka 1987 alikataa operesheni ambayo ingemwokoa mtu mmoja, mtu huyo akafa, na kampuni ikaokoa nusu milioni ya dola. Hakuna aliyemshitaki. Kinyume chake, kama alivyoeleza, uamuzi ule ulimjengea jina kama munganga mzuri wa kampuni, na mshahara wake ukapanda. Hakumwona mgonjwa yule hata siku moja. Aliona karatasi.

Mwingine ni Wendell Potter, aliyekuwa mkubwa wa mawasiliano wa kampuni ya Cigna. Kazi yake ilikuwa kupamba sura ya bima mbele ya waandishi wa habari. Mwaka 2007 alifika Wise, katika jimbo la Virginia, ambako wanganga wa kujitolea walikuwa wanatibu watu bure kwenye uwanja wa maonyesho. Aliona Wamarekani wamepanga foleni ndefu, wengine wakitibiwa ndani ya vibanda vya mifugo. Mwaka uliofuata akaacha kazi, na Juni 2009 akatoa ushahidi mbele ya baraza la seneti la nchi yake. Na mwaka 2023 gazeti la uchunguzi ProPublica liliandika kwamba ndani ya miezi miwili ya 2022 wanganga wa Cigna walikataa maombi zaidi ya 300,000 kwa msaada wa programu ya kompyuta, kila ombi likichukua kwa wastani sekunde 1.2. Kampuni ilipinga maelezo hayo. Hata hivyo, msomaji ajaribu kuhesabu sekunde moja na kitu kidogo, aone kama inatosha kusoma hata jina la mgonjwa.

Kwa hiyo pesa nyingi na kompyuta nzuri hazikuondoa ule ukuta. Ziliufanya laini tu. Anayekataa amewekwa mbali na anayekataliwa ili asihisi kitu.

Kindu haina laini hiyo. Hapa ndipo kazi ya ajenti wetu inapokuwa chungu kuliko ya Peeno. Yeye anakaa na watu wale wale. Anakutana na yule mwalimu Ijumaa msikitini ao Jumapili kanisani. Mke wake anachota maji kwenye bomba moja na mke wa mgonjwa. Mtoto wa mgonjwa akifa, ajenti yuko matangani, maana haiwezekani asiende, na haiwezekani pia akae kwa amani. Ataketi kwenye benchi la mwisho, na wanawake watanyamaza akipita. Wakubwa wa bima hawaji matangani. Wanatuma barua yenye muhuri inayoanza na maneno "kwa heshima", na ajenti ndiye anayeipeleka.

Na analipwaje? Mahali pengi penye bima changa ajenti wa mitaa anaishi kwa komisio: kiasi fulani kwa kila jina jipya. Maana yake, anapata kitu siku mtu anapoingia na hapati kitu siku mtu anapotibiwa. Ukimpa mtu njaa na daftari la majina, ataandika majina. Atawaahidi watu vitu ambavyo mkataba hauvitaji: kwamba watatibiwa kesho yake, kwamba ndugu wote wa nyumba wamo, kwamba hata miwani imo. Aliyepanga komisio namna hiyo anajua vizuri atakachopata, na siku watu watakaposimama kudai, atasema ni "makosa ya maajenti".

Mfano unaowagusa watu wengi wa mji huu ni mutueli ya afya ya waalimu, MESP. Ilianza Kinshasa mwaka 2011, kiisha ikapanuliwa kuelekea majimbo. Inaishi kwa pesa inayokatwa kwenye mshahara wa mwalimu kabla mshahara haujamfikia. Wazo lenyewe ni zuri, na mwalimu wa Kinshasa aliyezaliwa na figo mbaya ao mwenye shinikizo la damu anaweza kushuhudia faida yake. Lakini katika majimbo mbalimbali sendika za waalimu zimepaza sauti kuhusu jambo moja: makato yanafika haraka kuliko matibabu. Mwalimu wa Kabambare ao wa Punia hakatwi kwa mtumbwi wala kwa baiskeli. Anakatwa kwa kompyuta, siku moja na mwenzake wa Gombe. Matibabu ndiyo yanamtaka apande pikipiki siku mbili mpaka Kindu, akute dirisha, na nyuma ya dirisha akute mtu anayepiga simu isiyopokelewa.

Kukata pesa kumefutiwa umbali wote. Kutibu kumeachiwa umbali wote. Hapo ndipo wizi ulipo, kama neno hilo lazima litumike, na haumo mfukoni mwa ajenti.

Majirani nao wamepita njia hiyo. Tanzania, tarehe 1 Machi 2024, lopitali nyingi za watu binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa sababu ya ugomvi juu ya bei mpya. Kenya ilifuta NHIF yake na kuanza SHA tarehe 1 Oktoba 2024. Siku za kwanza mashine zilisumbua, na wagonjwa wa kuoshwa figo na wa kansa wakajikuta wanangoja mbele ya wauguzi ambao hawakuwa na jibu. Mwezi wa Machi 2025 mkaguzi mkuu wa hesabu wa Kenya akatoa ripoti: ule mfumo wa kompyuta, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali na serikali haiuongozi. Fikiria muuguzi wa Kisumu anayetukanwa kwa mashine ambayo hata leta yake haina ufunguo wake.

Kindu haihitaji kwenda mbali kukumbuka. Wazee wa reli wanajua. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimu mwajiri kumtibu mfanyakazi na familia yake, na kabla ya sheria hiyo kampuni ya reli ilikuwa tayari na desturi hiyo. Mtoto wa cheminot alikuwa anatibiwa bila baba yake kutoa franka. Kiisha treni zikapungua, mishahara ya SNCC ikakaa miezi na miezi bila kulipwa, na dawa zikaenda njia ya mishahara. Nani alisimama mbele ya wafanyakazi kuwaambia hakuna kitu? Hakuwa mkubwa wa Lubumbashi. Alikuwa muuguzi wa hapa hapa, ambaye naye mshahara wake haujafika.

Na bado nchi hii hii iliwahi kufanya vizuri. Bwamanda, upande wa kaskazini-magharibi, mwaka 1986, wakati wa Zaire, lopitali na zoni ya afya zilianzisha bima ya wakulima. Pesa ilikusanywa mara moja kwa mwaka, wakati watu wameuza mavuno. Waliokusanya walikuwa wauguzi wa vituo vya afya, watu waliojulikana kwa jina na kwa nyumba. Mwanachama aliyelazwa alilipa sehemu ndogo ya fakitire, na bima ikamaliza inayobaki, mradi apite kwanza kituoni na kupewa barua. Ndani ya miaka michache zaidi ya nusu ya wakaaji wa zoni walikuwa wamejiandikisha, tena katika miaka ambayo pesa ya Zaire ilikuwa inayeyuka mkononi. Walioichunguza waliona pia udhaifu wake: waliokaa mbali na lopitali walijiunga kwa uchache, kwa kuwa walijua barabara haitawafikisha. Wakulima wale hawakuwa wajinga wa bima. Walipima umbali, wakaona jibu.

Bwamanda haikuwa na kompyuta. Ilikuwa na munganga na mshika pesa waliokaa mahali pamoja na wagonjwa. "Hapana" ikitolewa, uliweza kutembea mpaka kwa aliyeitoa.

Watetezi wa mfumo wa leo wana jibu lao, na si la kipuuzi. Wanasema ukiweka pesa na uamuzi katika kila jimbo, pesa italiwa na wakubwa wa jimbo. Kinshasa inaweka mkono juu ili kuzuia wizi. Wakaaji wa Maniema hawawezi kucheka hoja hiyo. Wameona miradi mingapi ikiyeyuka kati ya uwanja wa ndege na barabara? Lakini pesa inayokaa Kinshasa nayo haina malaika wa kuilinda, na tofauti ni kwamba mwalimu wa Kindu hawezi kuiona hata ikiliwa. Mkubwa wa hapa akila, angalau jirani ataona nyumba mpya. Tena hakuna anayeomba sanduku lote lihamishwe. Kinachotakiwa ni kiasi kinachojulikana, kinachokaa Kindu kwa ajili ya dharura: uzazi wa kupasuliwa, damu ya mtoto wa malaria, mfupa uliovunjika. Na munganga mshauri mmoja mwenye sahihi inayotambuliwa, anayekaa mjini, anayetoa jibu kwa maandishi siku ileile, likiwa baya ao jema.

Sendika za waalimu zinaweza kuanza kazi hiyo bila kungoja mtu. Sheria ya 2017 inasema mutueli ni ya wanachama, na wanachama wanakutana, wanachagua, wanasikiliza hesabu. Nani aliwahi kualikwa Kindu kusikiliza hesabu hizo? Wadai karatasi moja ibandikwe kila miezi mitatu kwenye ukuta wa lopitali: kiasi gani kimekatwa katika jimbo, kiasi gani kimelipwa kwa lopitali za jimbo, na deni lililobaki. Ajenti atakuwa wa kwanza kufurahi, maana karatasi hiyo itajibu matusi ambayo yeye hawezi kuyajibu bila kupoteza kazi.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo wenzake wa mji wanamdai. Ajenti anajua deni ni la miezi mingapi. Anajua orodha gani haikutumwa. Peeno alikaa karibu miaka 9 kabla ya kusema. Potter alisema akiwa ameishaacha mshahara. Kumtaka kijana wa Kasuku mwenye watoto na kodi ya nyumba awe shujaa peke yake ni rahisi kwa yule asiye na cha kupoteza. Ndiyo maana ulinzi wake lazima uandikwe kwenye mkataba kabla bima mpya haijafungua biro hapa: asifukuzwe kwa kumwambia mwanachama sababu ya kweli ya kukataliwa, na alipwe mshahara wa mwezi, si komisio ya majina tu. Kampuni ao mutueli isiyokubali mistari hiyo miwili imeonyesha mapema inamtafuta kwa kazi gani.

Wakuu wa jimbo na zoni za afya za Kindu na Alunguli watakaa mezani na bima hizo, leo ao kesho, kutia sahihi mikataba ya lopitali. Waulize swali moja kabla ya kalamu kugusa karatasi: usiku wa saa nane, mama amefika lopitali anavuja damu, ajenti amepigiwa simu. Nani, kwa jina lake, aliyelala Kindu usiku huo, ana ruhusa ya kusema "mtibuni, tutalipa"?